Buti Limejaa, Mstari Haupotei

Leo alfajiri, stendi ya Kange hapa Tanga, nimefokewa na kondakta ambaye wakati mama yake anampeleka kliniki mgongoni, mimi tayari nilikuwa napakia mizigo.

"Mgosi, hapo pembeni umeacha nafasi ya nini?"

Na kweli. Buti la basi la Arusha lilikuwa limekaa kama meno ya bwana harusi. Magunia ya nazi chini, mabegi juu yake, maboksi ya samaki wakavu yamebanana kwa adabu, hakuna hata pa kuchomeka njiti ya kiberiti. Isipokuwa kulia kabisa, ambako kulibaki kijia chembamba kimesimama kutoka sakafuni hadi juu, upana wa shingo ya mtu. Nikakohoa. Ningemjibu nini kijana wa watu? Nimwambie nangoja kirefu?

Wenye ugonjwa kama wangu wameshaelewa, najua wanacheka. Wasioelewa nitawaeleza, ila habari isifike kwa Mama Zuhura.

Yupo Mrusi anaitwa Alexey Pajitnov. Mwaka 1984, akiwa kazini Moscow kwenye kituo cha Akademia ya Sayansi, alibuni gemu inaitwa Tetris. Kompyuta aliyokuwa nayo haikuweza kuchora hata picha, vipande vya kwanza akavichora kwa alama za mabano. Maumbo 7, kila umbo lina vyumba 4, yanadondoka kutoka juu, wewe unayageuza na kuyapanga. Mstari ukijaa, unafutika. Sasa, mchezaji mwenye akili hajazi kila mahali. Anaacha mwanya mmoja pembeni, anautunza kama mboni ya jicho, akingoja kile kipande kirefu kilichonyooka. Kikishuka, kikaingia mwanyani, mistari minne inafutika kwa mpigo. Utamu wake siwezi kuuandika hapa.

Mimi nilikutana nayo kwenye kile kidude cha kijivu cha betri kilichoandikwa kwamba ndani mna magemu 9999. Niliyahesabu. Ni kama kumi na mawili, mengine ni yale yale yamebadilishwa mwendo. Lakini hilo moja la kupanga matofali lilinitosha, na nadhani ndilo lililonipeleka stendi. Nilijua nina kipaji. Nisichojua ni kwamba kwenye gemu mstari ukijaa unafutika, na kwenye buti mstari ukijaa kondakta anasema, "Ongeza na hao kuku."

Na yule Mrusi msimwonee wivu. Gemu ilihesabiwa mali ya dola ya Kisovieti, ikauzwa dunia nzima, yeye akaanza kupata chake mwaka 1996. Miaka 12 anapakia mzigo, nauli wanakula wengine. Huyo ni mwenzangu, angekuwa Tanga ningemnunulia kahawa.

Halafu Desemba 2023 mtoto wa miaka 13 huko Oklahoma, Marekani, akaicheza ile Tetris ya Nintendo ya mwaka 1989 mpaka hatua ya 157, gemu ikaganda yenyewe. Ikasalimu amri. Mtu wa kwanza kuifikisha hapo kwa mikono yake. Mimi nina miaka 19 stendi na sijawahi kuona basi limeganda likasema basi, umeshinda, nenda nyumbani ukalale.

Balaa lote limefufuliwa na mpwa wangu. Jioni ya juzi tupo kijiweni Ngamiani, kahawa ya moto, kashata, tunajadili Coastal Union kama kawaida ya watu wasio na dawa, yeye anakuja na swali: "Mjomba, gemu bora ya muda wote ni ipi?" Sijafungua mdomo, mzee mmoja akadakia: bao. Mashimo 32, kete 64, halina betri wala Luku, na ukifungwa unamjua aliyekufunga. Tukanyamaza, maana mzee hana makosa. Lakini swali lilishaniingia, na tangu hapo silali.

Nikakumbuka bata. Nyie wa miaka ya tisini mnaikumbuka mashine ya kanda za njano na bunduki yake ya plastiki. Duck Hunt. Bata wanaruka, unalenga, unafyatua, ukikosa anaibuka mbwa kwenye majani, anakucheka. Mbwa! Wa kwako mwenyewe, wa kuwindia! Sisi tuliangalia kwenye televisheni ya inchi 14 ya jirani, watoto kama ishirini sebuleni, na kila mmoja akikosa mbwa anacheka na sisi tunamsaidia. Siku moja baba mwenye nyumba akasema nyie hamjui kulenga, leteni hapa. Mtu mzima, yumo ndani ya msuli, amekaa kwenye kochi lake. Akakosa. Mbwa akacheka. Akasogea karibu. Akakosa. Mwisho akaibandika bunduki kwenye kioo cha televisheni kabisa, mdomo kwa mdomo na bata, akafyatua, akakosa tena. Mbwa akacheka, na sebule nzima kimya, nani athubutu? Akainuka akazima umeme pale ukutani. "Nendeni mkaoge."

Baadaye sana nikajifunza kwamba bunduki ile haipigi kitu, inaona. Ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, na pale alipo bata kinawaka kimraba cheupe. Bunduki ikiona mwanga, umepata. Ikiona giza, mbwa. Baba wa watu aliibandika kiooni, nadhani bata alishahama, bunduki ikaona giza tu. Nikimkuta siku hizi akitoka msikitini natamani nimweleze, lakini unaanzaje? "Shikamoo mzee, kuhusu yule mbwa…"

Mario sitamsemea sana, kila mtu anamjua. Alitokea mwaka 1981 kwenye gemu ya Donkey Kong, hata jina la Mario hana, anaitwa mrukaji tu. Ilipofika 1985 keshakuwa fundi bomba na anamtafuta binti wa mfalme. Anapigana mpaka mwisho wa dunia ya kwanza, anaingia ngomeni, anaambiwa binti hayupo hapa, yuko ngome nyingine. Dunia ya pili, hivyo hivyo. Mpaka ya nane. Watu wanasema Shigeru Miyamoto, aliyemtunga Mario, ana ubunifu wa ajabu. Mimi nasema alishawahi kufuatilia faili ofisini.

Gemu ya nyoka ndiyo ilinicheleweshea ndoa. Simu za Nokia zilipoanza kutubeba, mimi niliipata ile 3310 mkono wa tatu, namba 5 imefutika. Nyoka anakula, anarefuka, na adui yake mkubwa ni mkia wake mwenyewe. Uzuri ni kwamba ukifa hulaumu mtu, hukuonewa. Umejing'ata. Basi nyoka wangu kajaa kioo kizima, napita kwenye vichochoro vya mwili wake kama mtu wa Makorora usiku umeme umekatika, mara simu inaita. Ni yeye, ambaye sasa ni Mama Zuhura. Nikakata. Akapiga. Nikakata. Mara ya tatu nikapokea nikasema, "Dada, nina nyoka hapa!" Akapiga kelele, akawaambia kwao, kaka zake wawili wakaja na marungu kwa baiskeli kutoka Mabawa. Wakanikuta kitandani nimelala chali, simu usoni.

Halafu PlayStation 2. Hapo ndipo ujana wangu ulipozikwa. Banda la gemu, pedi zimefungwa mpira, kitufe cha mraba kimebonyea hakirudi, aliyefungwa anampisha mwenzake. Gemu ya Grand Theft Auto: San Andreas, ya mwaka 2004, iliuzwa kuliko zote kwenye mashine hiyo, na mnajua kwa nini tuliipenda? Mji mzima umefunguliwa, hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Ukila sana unanenepa, ukienda kunyanyua vyuma unakakamaa. Nyumbani kwetu ukila sana unaulizwa. Ila ile kazi ya kufukuza treni! Wewe unaendesha pikipiki, nyuma umempakia Big Smoke, mwili kama gunia la nazi, ana bunduki, majambazi wako juu ya treni mbele yake, na anakosa. Anakosa wote! Treni likipotea lawama zako. Waulizeni bodaboda wa Tanga kama hawajawahi kumbeba abiria huyo.

Mpira sasa. Kwenye gemu za kampuni ya Konami, Liverpool iliitwa Merseyside Red, kwa sababu jamaa hawakuwa wamelipia majina. Hatukujali. Mshambuliaji Adriano yupo, mguu wake wa kushoto upo, mengine ya nini? Na kulikuwa na sehemu ya kutengeneza timu yako. Nikalipa saa tatu nzima, fedha ya wiki, nikaitengeneza Coastal Union. Jezi nyekundu na nyeupe. Mchezaji kwa mchezaji, urefu, kasi, mtindo wa nywele. Namba 10 nikajiweka mimi, nikajiongezea sentimita nane na nikajipunguzia kitambi. Mnajua Coastal ilichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988. Tangu hapo tunasubiri. Mimi nilikuwa nimesubiri vya kutosha. Tukaifunga Barcelona 3-1, banda zima linapiga meza, na mpita njia akauliza mechi inachezwa Mkwakwani?

Kesho yake nakwenda, timu haipo. Mtoto wa mwenye banda kaifuta kwenye memori kadi apate pa kusevu mieleka.

Nilikaa siku mbili sili vizuri. Mama akadhani nimeachwa na mchumba. Hiyo ndiyo gemu bora ya muda wote, mpwa wangu, na wala siyo ile ya Konami, ni ile iliyokuwa kwenye kadi ile. Sijamwambia. Nilimjibu Tetris, swali liishe.

Siku hizi magemu yamehamia nyumbani na kila mtu ana lake isipokuwa mlipa bando. Zuhura ana miaka 11, anacheza Minecraft, ile iliyouzwa nakala zaidi ya milioni 300. Kazi yake ni kuchimba na kujenga. Kanionyesha nyumba yake: ghorofa tatu, bustani, bwawa, chini kuna stoo ya almasi. Mimi kiwanja changu kiko Pongwe, kiwanda cha saruji nakiona kwa macho kabisa, na nina msingi tu. Akaniuliza, "Baba, kwa nini huchimbi tu?"

Na mama yake yuko kwenye zile pipi za Candy Crush. Unapewa maisha matano, ukishindwa moja linakwenda, kurudi ni nusu saa kila moja, ama umwombe mtu akutumie. Hilo sikulijua. Usiku nimejinyoosha, nasikia sauti kutoka jikoni, imetulia kabisa: "Baba Zuhura, mama anaomba maisha."

Mama mkwe anaishi Pangani. Niliruka. Nimevaa suruali nyuma mbele, nimempigia bodaboda, tumeshapatana bei ya usiku, yuko mlangoni anapiga honi, ndipo Mama Zuhura anatoka na simu mkononi: "Unakwenda wapi? Nimeshamtumia." Nikalipa honi.

Basi leo alfajiri ndiyo hayo. Kondakta kafoka, kafunga buti kwa kishindo, kaniahidi ataeleza kwa bosi kwamba nazeeka. Basi likatoka na mwanya wangu mtupu. Nikakaa kwenye toroli, nikaomba chai.

Dakika kumi hazijatimia, naona mzee anakuja mbio kutoka getini, kanzu kaikunja mkononi, jasho linamtoka. Begani ana mkeka mpya, umeviringishwa, umefungwa kamba sehemu tatu. Umenyooka. Upana wa shingo ya mtu, urefu kutoka sakafuni hadi juu.

"Mwanangu," anahema, "basi la Arusha lishaondoka?"