Msimwite Shangazi Yangu Mtegeshaji

Wiki iliyopita nilikaa meza moja na msomi, mtu mwenye kazi nzuri mjini, akasema watu wa vijiji vya migodini wote ni wategeshaji, yaani wanajenga na kupanda haraka haraka mahali mgodi unapotaka kuchukua, ili walipwe fidia. Nikaacha chakula. Neno lile halijanitoka.

Nina shangazi kwenye kijiji kimoja cha Kanda ya Ziwa. Kijiji sikitaji, mgodi siutaji. Mgodi ulitaka kupanuka, na wathamini wa fidia walipofika walihesabu miembe na migomba yake, wakampiga picha mbele ya nyumba akiwa ameshika kibao chenye namba, kisha namba ileile wakaipaka ukutani kwa rangi nyekundu. Wakamwambia kuanzia leo usijenge, usipande mazao ya kudumu, fidia inakuja. Huu ni mwaka wa nne.

Desemba nililala kwake. Mvua ikaanza usiku wa manane. Shangazi aliamka, hakuwasha taa, akapanga sufuria tatu sehemu tatu. Gizani anajua bati linavuja wapi. Nikamuuliza kwa nini habadilishi bati. "Nikibadilisha, mwanangu, watasema nategesha."

Sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 imeweka na muda wenyewe: miezi sita, na ikizidi hapo inatakiwa riba. Ikipita miaka miwili, uthamini umekufa, ni kuthamini upya. Kwa hiyo uthamini wa shangazi ulishakufa. Kinachoishi ni lile zuio tu, kwa sababu walioleta zuio hawakurudi kumwambia chochote. Na ndani ya zuio hilo choo kimetitia, na mwanawe wa mwisho, aliyetaka kujenga chumba pembeni ya mama yake, amekwenda kupanga mjini. Hakuna fomu yenye safu ya kuandika hasara hiyo.

Nikamwomba nakala ya fomu aliyosaini. Hana. Fomu iliondoka na gari siku ileile. Jambo hili linaniuma kuliko yote, maana bila ile karatasi hana anachoweza kudai. Hajui miembe mingapi iliandikwa. Hajui kama posho ya makazi, yaani kodi ya nyumba ya miezi 36, imo, wala kama kuna posho ya usumbufu. Afisa akitaka kupunguza mti kwa mmoja na kuongeza nyumba kwa mwingine, nani atamkamata, kwa ushahidi gani? Nakala itolewe palepale, siku ileile, kwa Kiswahili, na picha yake. Mgodi unaochimba mamia ya mita chini ya ardhi haushindwi kubeba mashine ya kutolea nakala.

Tegesha ipo, sikatai. Nimeona nyumba za matope zilizosimamishwa ndani ya wiki moja, milango haina hata bawaba. Lakini ramani ya upanuzi wa mgodi haianzii kwa shangazi yangu. Inaanzia ofisini. Aliyejenga kwenye mstari kabla kijiji hakijaitwa mkutanoni aliambiwa na mtu, na TAKUKURU, wazuia rushwa, waanze na huyo mtu.

Wengine watasema aende mahakamani. Tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, haliamui. Baraza la ardhi la wilaya liko mjini, ni nauli, ni kulala, na kesi inaahirishwa. Familia za Nyamongo, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara wilayani Tarime, zilizopigwa risasi au kufiwa zilifungua kesi London mwaka 2013, ikamalizwa nje ya mahakama mwaka 2015. Kutoka Tarime hadi London! Fikiria ni milango mingapi walipita kabla ya huo. Wasaidizi wa kisheria wapo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na ninawaheshimu sana. Wafike siku wathamini wanapofika, si miaka minne baadaye.

Juzi shangazi alinipigia. Mvua zinakaribia, anauliza afanyeje. Nimemtumia hela ya bati nne na misumari. Nimemwambia apige picha paa kabla fundi hajapanda, na risiti aiweke ndani ya Biblia yake, mahali ambapo hapotezi kitu.