Umeweka Jiwe?

Kijana wa kukodisha matela aliniuliza swali moja tu: umewahi kuvuta tela? Nikamjibu bila kupepesa macho, mara nyingi. Sikudanganya sana. Zamani Corolla ya mjomba ilizimika Mbagala Rangi Tatu ikavutwa kwa kamba mpaka Temeke, na mimi nilikuwemo. Nilikuwa kwenye ile iliyovutwa, lakini kijana hakuuliza upande gani.

Mama Neema alisikia yote akanyamaza. Baba yake alikuwa dereva wa semi, anashusha mizigo ya bandarini Zambia na kurudi Dar na shaba, na likizo za shule alikuwa anampakia binti yake kwenye kichwa cha lori mpaka kwao Makambako. Wenzake wakijifunza kuruka kamba, yeye alikuwa mlima Kitonga anawaangalia mautingo wakikimbia na mawe nyuma ya matairi. Mtu wa namna hiyo akinyamaza, ogopa. Mimi sikuogopa.

Tunaishi Minneapolis, na kiangazi hiki tuliamua kwenda Black Hills, huko South Dakota. Ni kama kilomita 1,000 hivi, yaani Dar mpaka Tunduma na ushee. Tela lenyewe futi 18: kitanda, jiko la gesi, friji, na choo ambacho ukishaingia inabidi utoke kinyumenyume.

Barabara namba 90 imenyooka kama rula. South Dakota wanaruhusu maili 80 kwa saa, lakini sisi tukigusa 65 tu tela linaanza kucheza mdundiko. Lori likitupita, upepo wake unatuvuta kwanza halafu unatusukuma, na mimi nimeukumbatia usukani kama ndugu aliyerudi kutoka Oman.

"Punguza, Baba Neema. Mkia unacheza."

"Ni upepo tu."

"Na upepo nao hupunguziwa mwendo."

Mji wa Mitchell tulisimama kuliangalia lile jumba lao la mahindi. Ukumbi mzima, kuta zake za nje zimepambwa kwa picha za magunzi ya rangi rangi, na kila mwaka wanayabandua na kubandika mapya. Mama Neema alisimama pale kimya kama yuko msibani. "Mahindi yote haya yako ukutani," akasema, "na sisi unga tumebeba kutoka nyumbani." Mbele zaidi kulikuwa na mabango ya duka la Wall, yanayokuahidi maji ya barafu bure kilomita baada ya kilomita, kama mtu anayekukumbusha mchango wa harusi. Tulikwenda tukanywa. Maji ni maji.

Jioni tukaingia Custer State Park. Hapo kuna nyati wa kwao zaidi ya 1,000, wenye mabega ya manyoya kama wamevaa makoti ya kuazima. Mmoja alisimama katikati ya barabara robo saa nzima akilitazama tela letu. Nadhani ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua.

Nafasi yetu ya kambi ilikuwa chini ya misonobari, na ilitaka uingie kinyumenyume. Ambaye hajawahi kurudisha tela nyuma nimwambie hivi: ukikata usukani kulia, mkia unakwenda kushoto. Ukikata kushoto, unakwenda kulia. Ukichanganyikiwa ukasimama, unakuta gari na tela vimekunjana kama kisu cha mfukoni na vinatazamana. Nilifanya hivyo mara sita. Mara ya tatu, wazee wa matela ya jirani walitoa viti vyao vya kukunja, wakavipanga. Mara ya tano mmoja akaingia ndani akarudi na bisi.

Mama Neema akashuka. Hakusema neno. Akaenda kusimama nyuma, kwenye pembe ninayoweza kumwona kwa saidi mira, na sauti iliyomtoka hapo sijawahi kuisikia katika miaka 19 ya ndoa.

"Kata kulia! Yote! Yote! Nyoosha! Njoo... njoo... njoo... kushoto kidogo... nyoosha, njooo... ishia!"

Akapiga bodi ya tela kofi mbili. Tela limekaa katikati kama limechorwa. Wazee wakapiga makofi, na si kwa ajili yangu.

Sasa elewa hali yangu. Mwanamume nimeaibika mbele ya watu na bisi zao. Mama Neema akaingia ndani kusonga ugali, na kabla ya kufunga mlango akauliza:

"Umeweka jiwe?"

"Jiwe la nini?"

"Kwenye tairi. Hapa pana mteremko."

"Mama Neema, hapa Marekani. Watu hawaweki mawe."

Akanitazama kidogo, akafunga mlango.

Ule mteremko kwa kweli sikuuona. Minyororo nikaifungua kwanza, nikijiona fundi. Kisha nikazungusha jeki ya mbele, ile yenye kigurudumu chini, shingo ya tela ikapanda taratibu, ikaachia kile kibonge cha chuma nyuma ya gari. Tk. Sauti ndogo sana, kama mtu amesonya.

Tela likaanza kuondoka.

Halikukimbia. Lilikwenda kwa heshima zake, kama bibi harusi, likirudi nyuma kuelekea meza ya wale wazee. Nikaishika shingo yake kwa mikono miwili na kuchimbia visigino. Tani moja na nusu ikanikokota na ndara zangu. Nilitaka kupiga kelele kwa Kiingereza, lakini kilichotoka ni "Jamani! Jamani! Mama Neema, shuka!" Kutoka ndani nikasikia vikombe vikishuka kabatini kimoja kimoja, na sauti tulivu ikiuliza, "Baba Neema, tunakwenda wapi?"

Yule mzee wa bisi, umri wake si chini ya miaka 75, akainuka. Hakukimbia. Akaweka bakuli chini, akachukua gogo kwenye rundo lake la kuni, akapiga hatua tatu na kulitupia nyuma ya tairi. Tela likapanda gogo kidogo, likafikiri, likarudi, likatulia. Kati yake na meza pangepita paka mwembamba.

Mlango ukafunguka. Mama Neema, sufuria mkono mmoja, mwiko mkono wa pili, ugali haujamwagika hata punje. Akaniangalia nilivyolala kwenye majani. Akamwangalia mzee. Akainama akaliangalia gogo.

"Kumbe wanaweka," akasema.

Ugali tulikula na wale wazee, kwa maharage yao ya kopo. Kurudi Minneapolis ufunguo sikuuona tena. Kila tuliposimama, mimi ndiye niliyeteremka na gogo, maana mzee alitupa zawadi. Tukiwa karibu kuvuka mto Missouri simu ya Mama Neema ikaita. Ilikuwa Makambako, nikapokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Safari njema? Hebu nipe dereva niongee naye."