Harusi Haina Marudio: Nani Hasa Anahitaji Kamera ya Kitaalamu?

Vijana wengi wanaoingia kwenye kazi ya picha huuliza kama wajikaze wanunue kamera ya kitaalamu moja kwa moja au waanze na zile za bei nafuu. Jibu langu hutegemea jambo moja: je, kazi anayokusudia kuifanya inampa nafasi ya kurudia? Anayepiga picha za sahani za chakula kwa ajili ya mkahawa anaweza kusogeza taa, akafuta, akapiga upya mpaka jioni, na pilau haitamlalamikia. Anayempiga picha bibi harusi akiingia ukumbini ana sekunde chache, na sekunde hizo zikipita hakuna atakayemwomba arudi mlangoni aingie tena. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya fedha zinazolipiwa kamera ya kitaalamu hulipia uhakika wa kutoikosa picha, na mtu ambaye kazi yake haidai uhakika huo afadhali fedha hizo azipeleke kwenye lenzi na taa.

Nichukue kamera mbili za kampuni moja ili ulinganisho uwe wa haki. Canon EOS R50 ilitoka mwaka 2023 kwa ajili ya wanaoanza, na EOS R6 Mark II ilitangazwa mwishoni mwa mwaka 2022 kwa ajili ya wanaoishi kwa kupiga picha. Zote mbili ni kamera zisizo na kioo, yaani hazina kile kioo cha ndani ambacho katika kamera za zamani kilikuwa kikiinuka na kushuka kila picha inapopigwa. Zote zina megapikseli 24.2, na zote hulitambua jicho la mtu na kulifuata anapotembea. Nchini Marekani ya kwanza iliingia sokoni kwa takriban dola 680 bila lenzi, na ya pili kwa takriban dola 2,500. Mpaka zifike mikononi mwetu kuna usafiri na ushuru juu yake. Picha zilizopigwa na kamera hizo mbili mchana, mahali penye kivuli kizuri, kisha zikachapishwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4, sidhani kama yupo mteja atakayezitofautisha.

Sasa zipeleke kamera hizo ukumbini saa tatu usiku. Taa za mapambo ni za zambarau, mshereheshaji ameamuru taa kubwa zizimwe, moshi wa mashine umetanda sakafuni, na maharusi wanaingia wakicheza taratibu kuelekea jukwaani. Bibi harusi amevaa shela jeupe linalojaza nusu ya fremu. Kipimo cha mwanga cha kamera, ambacho hakijui harusi wala shela, huuona weupe mwingi, hudhani mwanga umezidi, kisha huupunguza; matokeo yake shela hutoka la kijivu na uso wa bibi harusi mwenye ngozi nyeusi huzama gizani. Kwa sisi tunaopiga picha watu weusi waliovaa nguo nyeupe karibu kila Jumamosi, jambo hili lina uzito kuliko idadi ya megapikseli. Dawa yake ni mpiga picha kuongeza mwanga mwenyewe, papo hapo, bila kuondoa jicho kwenye kitundu cha kuchungulia. R6 Mark II ina magurudumu matatu ya kurekebishia, hivyo kidole gumba kimoja kinamaliza kazi wakati kidole cha shahada kikibaki kwenye kitufe. R50 ina gurudumu moja tu, kwa hiyo kubadili kitu cha pili hudai kubonyeza kwanza na kuzungusha baadaye, na hapo ndipo maharusi hupita.

Ukubwa wa kihisi cha mwanga, kile kipande cha ndani kinachoinasa picha, nao hujitokeza hapo hapo. Kihisi cha fremu kamili, yaani chenye ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35, kilichomo ndani ya R6 Mark II kina eneo la zaidi ya mara mbili na nusu ya kile cha R50, ambacho ni cha aina ndogo iitwayo APS-C. Uso uliozama gizani ukiunyanyua kwenye kompyuta kutoka faili ghafi ya RAW, kihisi kikubwa hukurudishia ngozi yenye rangi yake, ilhali kidogo huanza kuleta chengachenga kwenye mashavu na chini ya macho. Chengachenga hizo huondolewa na programu, lakini programu huondoa pia ulaini halisi wa ngozi, na bibi harusi hubaki na uso kama wa mdoli.

Kuna na suala la kadi za kuhifadhia picha, ambalo kwangu halina mjadala. R50 ina nafasi ya kadi moja. R6 Mark II ina mbili, na unaweza kuiamuru iandike kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Kadi za SD hufa. Hufa bila dalili, hata zile za bei kubwa, na mara nyingine programu ya kuokoa faili hairudishi chochote. Mtu anayepokea malipo ya kuwa mpiga picha mkuu wa harusi akiwa na kamera ya kadi moja anaweka rehani kumbukumbu za familia ambazo si zake, na ningependa wateja nao wajifunze kuuliza swali hilo kabla ya kutoa malipo ya awali. Ukiniuliza ni wapi hasa mstari unapita kati ya kamera ya kuanzia na kamera ya kazi za harusi, nitakuonyesha mlango wa kadi kabla sijakuonyesha kitu kingine chochote.

Hata hivyo, mwenye R50 asikate tamaa, kwa sababu tatizo lake kubwa la mwanga mara nyingi liko kwenye lenzi iliyokuja ndani ya boksi. Lenzi hiyo ya milimita 18 hadi 45 ikivutwa mpaka mwisho hufunguka f/6.3 tu, na namba hii ya f kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo lenzi inavyofunguka zaidi. Lenzi ya RF (aina ya lenzi za kamera hizi mpya za Canon) ya milimita 50 inayofunguka f/1.8, ambayo ilitoka kwa takriban dola 200, huingiza mwanga wa karibu mara kumi na mbili zaidi ya hapo. Pima mwenyewe: kihisi kikubwa kinakupa faida ya mara mbili na nusu, lenzi ndogo ya bei ya simu ya kawaida inakupa faida ya mara kumi na mbili. Ndiyo maana husikitika nikiona mtu amejibana mwaka mzima akanunua bodi, yaani kamera bila lenzi, ya fremu kamili, kisha akabaki na lenzi ya giza kwa kuwa fedha zimekwisha.

Mwenye lenzi za EF za zamani za Canon, zilizotengenezewa kamera zake za kioo, asizitupe. Adapta ya EF kwenda RF inazifunga kwenye bodi zote mbili na fokasi ya kujiendesha inaendelea kufanya kazi. Katika miji yetu, ambako lenzi za EF zimejaa mikononi mwa wapiga picha na kwenye maduka ya mitumba, hii ni sababu nzuri kabisa ya kuchagua kampuni moja badala ya nyingine.

Kwenye soka hali ni ngumu zaidi, na hapa siwezi kumpa anayeanza matumaini ya uongo. Mechi ya usiku katika Uwanja wa Benjamin Mkapa inadai shata (pazia la ndani linaloruhusu mwanga kufika kwenye kihisi) ya kasi ya karibu 1/1000 ya sekunde ili mguu na mpira vigande, na mchezaji yuko mbali. Lenzi ndefu ya bei nafuu ya R50, ile ya milimita 55 hadi 210, mwisho wake hufunguka f/7.1. Lenzi wanayoitumia watu wa magazeti, ya milimita 70 hadi 200, inafunguka f/2.8 mwanzo hadi mwisho na kuingiza mwanga wa zaidi ya mara sita. Kamera ya kuanzia italipia pengo hilo kwa kupandisha ISO, yaani unyeti wa kamera kwa mwanga, mpaka jezi zipoteze rangi. Inaweza kupiga picha 12 kwa sekunde, jambo ambalo kwenye tangazo linavutia, lakini kumbukumbu yake ya muda, inayoshikilia picha kabla hazijaandikwa kwenye kadi, ni ndogo, na ukipiga faili za RAW hujaa upesi, kamera ikakwama wakati mpira ndio kwanza unavuka mstari. AFCON ya mwaka 2027, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa kuiandaa, itawapa wapiga picha wetu kazi nyingi, na wanaoitaka kazi ya pembeni mwa uwanja waanze sasa kupanga namna ya kupata lenzi ya f/2.8, hata kwa kukodi au kwa watu wawili kuchangia.

Kileleni kabisa mwa kundi hili kuna Sony A9 III, iliyotangazwa Novemba 2023 kwa takriban dola 6,000. Kihisi chake husoma picha nzima kwa mara moja badala ya mstari kwa mstari, hivyo huweza kupiga picha 120 kwa sekunde bila kitu chochote kupinda. Kamera nyingine ukitumia shata ya kielektroniki, isiyo na pazia linalosogea wala mlio, kihisi husomwa kuanzia juu kwenda chini. Fimbo ya gofu inayozungushwa hutoka imepinda kama upinde, na chini ya taa za LED hutokea mistari ya giza inayokata picha. Hili linawahusu sana wanaopenda kuizima sauti ya shata kanisani: kwenye kamera ya kuanzia ukimya huo huja pamoja na mistari hiyo, kwa hiyo jaribu kwanza kabla ibada haijaanza. A9 III yenyewe ni ya shirika la habari au mtu anayelipwa na mashindano makubwa, na sioni studio ya mtaani itakavyoirudisha gharama yake.

Wanyamapori ni eneo ambalo watu wengi hulikadiria vibaya. Kihisi kidogo huko ni msaada, kwa kuwa kinakata picha na kumleta mnyama karibu: lenzi ya milimita 400 kwenye R50 hutoa mwonekano wa milimita 640. Lenzi ya RF ya milimita 100 hadi 400 haifiki gramu 700, na pamoja na bodi yenye gramu 375 unaweza kuishika mkononi asubuhi nzima Serengeti bila kuchoka. Simba aliyelala, twiga anayekula, viboko bwawani: vyote vinapigika kwa ubora wa kutosha kitabu. Weka mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa mchele kwenye ukingo wa dirisha, laza lenzi juu yake, mwombe dereva azime injini, na utapata picha kali kuliko ya mtu mwenye kamera ya dola 6,000 anayepiga gari likitetemeka. Saa sita mchana, mvuke wa joto unaopanda kutoka ardhini huzilegeza picha za mbali kwa kamera zote sawasawa, za bei kubwa na za bei ndogo.

Bodi ya kitaalamu hujipambanua huko kwenye vumbi na kwenye alfajiri. R50 haijazibwa dhidi ya vumbi na maji, na vumbi la msimu wa kiangazi huingia kila penye upenyo, hasa kwa anayebadilisha lenzi ndani ya gari lililo wazi. Chui naye hujitokeza mwanga ukiwa bado hafifu, saa ambayo lenzi ya f/8 haina la kufanya. Anayekwenda mbugani kwa likizo hana sababu ya kulala njaa kwa ajili ya kamera kubwa. Anayetaka kuwaongoza watalii wa picha kama kazi yake ya kila siku anaihitaji.

Picha za sura studioni hazina haja ya maneno mengi. Taa za flashi zikiwepo, ISO ikiwa 100 na tundu la lenzi f/8, kamera ya kuanzia inatosha kabisa, iwe ni picha za pasipoti, za mahafali au za bidhaa. Angalizo langu ni moja, na wauzaji wengi hawalisemi: kitako cha flashi cha R50 hakina mguso wa kawaida wa katikati, hivyo flashi na vichocheo vingi vya kufyatulia taa za mbali tulivyonavyo havitafyatuka mpaka ununue adapta ya AD-E1. Ingiza gharama hiyo kwenye hesabu kabla ya kulipa. Mandhari nayo ni stendi ya miguu mitatu na kuamka mapema. Kwa picha za mitaani, iwe Kariakoo au vichochoro vya Mji Mkongwe, nampendelea mwenye kamera ndogo waziwazi, kwa sababu lenzi kubwa huwashtua watu na kuwafanya wafunike nyuso, wakati kamera ndogo na salamu ya heshima hufungua mazungumzo, na ruhusa ikapatikana.

Kwa mwenye bajeti ya wastani anayetaka harusi, ushauri wangu ni kutazama kamera za kitaalamu za kizazi kilichopita. Sony A7 III ya mwaka 2018 na Canon R6 ya kwanza ya mwaka 2020 ni za fremu kamili, zina nafasi mbili za kadi, na mitumba yake sasa imeshuka bei. Ukienda kuitazama, nenda na kadi zako mbili na ujaribu nafasi zote. Funga tundu la lenzi mpaka f/16, piga ukuta mweupe, kisha uikuze picha utafute madoa na mikwaruzo ya kihisi. Mwisho, piga mfululizo kwa shata ya kawaida, si ile ya kielektroniki, mpaka kamera ipunguze kasi yenyewe, ukisikiliza kama mlio wake ni uleule tangu mwanzo. Muuzaji anayekataa majaribio hayo mwachie kamera yake. Na ikiwa fedha haitoshi hata kwa hiyo, kodi bodi yenye kadi mbili kwa siku ya harusi, uitoze gharama hiyo kwenye bei unayompa mteja, na uibakize R50 yako mkononi kama kamera ya pili.