Chuo chenye jina au chuo utakachokipenda: maoni ya Mnairobi aliye Uingereza

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, yanapotangazwa, mazungumzo yangu ya simu na jamaa wa Nairobi huwa ya jambo moja tu: ni chuo kikuu kipi kinachowafaa watoto waliofaulu. Nimeishi kaskazini mwa Uingereza kwa miaka mingi, nikifanya kazi katika ofisi inayowahudumia wanafunzi wa chuo kikuu kimoja, na kadiri muda unavyopita ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sisi Wakenya tunaanza na swali lisilostahili kutangulia. Tunauliza ni chuo kipi kitakachompa mtoto heshima mbele za watu, na ni nadra tuulize ni wapi atakapokuwa na hamu ya kuingia darasani. Msimamo wangu ni kwamba, pale ambapo kozi zenyewe zinakaribiana kwa ubora, swali hili la pili ndilo litangulie. Ninauandika sasa kwa sababu binti ya kaka yangu yuko katika uchaguzi huo mwaka huu.

Utaratibu wa uchaguzi wenyewe ndio unaoumba fikra za watu, kwa hiyo niueleze kidogo. Nchini Kenya, KUCCPS, shirika la kugawa nafasi za vyuo, lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 na kuchukua nafasi ya ile bodi ya zamani ya JAB, huwapanga wanafunzi kwa kutumia pointi za masomo manne yanayohusiana na kozi, pointi ambazo haziwezi kuzidi 48. Mwanafunzi aliyepata angalau C+ huorodhesha kozi na vyuo kwa mpangilio wa anavyovipenda, husubiri, kisha hupewa nafasi moja. Maana yake ni kwamba kijana wetu huchagua kabla ya kujua atakubaliwa wapi. Huku Uingereza, kijana hutuma maombi yasiyozidi matano kupitia UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vikuu, au manne tu kwa kozi ya udaktari, na vyuo humjibu kimoja baada ya kingine mpaka pengine akawa na barua kadhaa za kukubaliwa mkononi. Hapo ndipo huchagua kimoja kuwa cha kwanza na kingine kuwa cha akiba, endapo alama zake za mwisho hazitatimiza sharti la kile cha kwanza. Kati ya kupokea barua na kutoa jibu huweza kupita miezi kadhaa, na katika miezi hiyo vyuo humwalika aje aketi katika darasa la mfano, aone mabweni, na azungumze na wanafunzi wa mwaka wa kwanza bila mhadhiri kuwapo.

Kwa kuwa kijana wa Kenya huchagua akiangalia kiwango cha pointi cha mwaka uliotangulia, pointi zimekuwa kama fedha ambazo ni lazima zinunue bidhaa ya bei ya juu kabisa sokoni, hata kama mnunuzi haihitaji. Nimesikia mara nyingi, katika sebule za Buruburu na Donholm, mitaa ya Nairobi nilikokulia, mtu mzima akimwambia kijana: "Umepata A halafu unataka kusomea ualimu? Utapotezaje pointi zako?" Lakini kiwango cha pointi si kipimo cha ubora wa mafunzo. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho kuingia, basi, na hupanda pale waombaji wanapokuwa wengi na nafasi zikawa chache. Kozi inayofundishwa vizuri sana katika chuo cha mbali inaweza kuwa na kiwango cha chini kwa sababu tu watoto wengi wa Nairobi hawataki kuishi mbali na Nairobi. Mtoto anayechagua kwa kipimo hicho anafuata uchaguzi wa wenzake wa mwaka jana, na hao nao walifuata wa waliowatangulia.

Heshima ya jina la chuo nayo ina historia, na ni haki tuitaje kabla ya kuwalaumu wazazi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1956 na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984, hakukuwa na chuo kikuu kingine cha umma nchini. Kizazi cha baba yetu kilijua kwamba mtu ama ameingia pale ama hajaingia chuo kikuu cha nyumbani, na kipimo hicho kikarithishwa kwetu hata baada ya Kenyatta, Egerton, JKUAT, Maseno na vingine vingi kusimama. Mzee anayemsihi mjukuu wake aende chuo kile alichokiona kijanani kikiwatoa mawaziri na majaji hana majivuno. Anasema yale ambayo maisha yalimfundisha katika wakati wake.

Wala Uingereza haijaepukana na ibada ya majina, nami sipendi tabia ya baadhi yetu tulio ughaibuni ya kuisifu kila desturi ya huku. Hapa wazazi hutaja Oxford na Cambridge kwa sauti ile ile ambayo wazazi wetu hutaja udaktari na sheria. Wengi hudhani Russell Group ni muhuri wa ubora uliotolewa na serikali, ilhali ni muungano ambao vyuo vyenyewe viliuunda mwaka 1994 ili kutetea maslahi yao, hasa ya utafiti, na ukapata jina lake kutokana na hoteli ya London walikokutania. Kisha kuna zile orodha za vyuo bora duniani, ambazo hata Nairobi husambazwa kila zinapotoka. Orodha ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, huhesabu washindi wa Nobel miongoni mwa wahitimu na wahadhiri. Ile ya kampuni ya QS huweka sehemu kubwa ya alama zake katika maoni ya wasomi kuhusu sifa ya chuo. Hivyo ni vipimo vya utafiti na sifa, na vina matumizi yake kwa mtu anayetafuta msimamizi wa shahada ya uzamifu. Kwa msichana wa miaka 18 anayeanza mwaka wa kwanza, mshindi wa Nobel ambaye hatamfundisha kamwe hana uzito mkubwa kuliko mhadhiri kijana atakayeisoma insha yake na kuirudisha na maelezo.

Kuna hoja moja ya upande wa jina ambayo ninaiheshimu. Mwaka 2002 wanauchumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi waliokubaliwa katika vyuo vinavyochuja sana, baadhi yao wakaenda huko na wengine wakachagua vyuo visivyochuja kiasi hicho. Waligundua kwamba kipato chao cha baadaye kwa jumla hakikutofautiana sana: uwezo na bidii aliyoingia nayo mwanafunzi ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Lakini walikuta pia kwamba watoto wa familia zenye kipato cha chini walinufaika na chuo chenye jina, na kazi yao ya baadaye ikaonyesha jambo kama hilo kwa wanafunzi Weusi, wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Ukiyasoma hayo ukiwa umekulia Nairobi, unaelewa mara moja. Mtoto ambaye baba yake anawajua wakurugenzi wa Upper Hill, mtaa wa ofisi kubwa, hahitaji chuo kimtambulishe. Mtoto wa Kayole, mtaa wa watu wa kipato cha chini, asiye na mtu katika ofisi yoyote huhitaji kitu kitakachofanya bahasha yake ifunguliwe, na jina la chuo huweza kuwa kitu hicho.

Kwa hiyo simwambii mzazi wa Kayole kwamba jina halina maana. Ninachomwambia ni kwamba apime kwa makini linampa nini. Kwa Kenya, katika taaluma nyingi, mlango mkubwa zaidi kuliko jina ni kutambuliwa kwa kozi na bodi ya taaluma yenyewe. Mhandisi anahitaji kozi iliyoidhinishwa na Bodi ya Wahandisi, na anayetaka kuwa wakili huanza na shahada ya sheria inayotambuliwa kisha hupitia Kenya School of Law. Shahada ya chuo chenye sifa kubwa ambayo bodi haiitambui humwacha mhitimu mlangoni. Hilo ndilo jambo la kuhakikisha kwanza, kabla ya kuuliza jirani atasema nini. Likishathibitishwa kwa vyuo vyote viwili, pengo la majina huwa dogo sana kuliko linavyoonekana kwenye harambee ya kumsindikiza mtoto.

Sasa nije kwenye hili neno la kufurahia, ambalo Nairobi husikika kama uvivu au anasa. Sizungumzii sherehe za wikendi. Mwanafunzi anayefurahia chuo chake ni yule anayebaki maktaba kwa sababu swali limemshika, aliye na watu wawili au watatu wa kubishana nao kuhusu somo, anayeweza kugonga mlango wa mhadhiri bila woga, na anayelala mahali penye utulivu kwa kodi asiyoihangaikia usiku kucha. Katika ofisi yangu hufika vijana wanaotaka kuacha masomo, na wengi wao, kwa nilivyowasikiliza, hawakushindwa na ugumu wa kozi. Walikuja kwa ajili ya jina, kozi ikiwa imechaguliwa na wazazi, wakajikuta katika mji ambao giza la Desemba huingia kabla ya saa kumi na moja jioni na ambako hakuna anayewaulizia wakikosekana darasani. Vijana wa Kiafrika huumia zaidi kwa sababu hawawezi kupiga simu nyumbani na kusema kwamba wana huzuni katika chuo ambacho kijiji kizima kilishangilia. Nimewaona wakificha kwa muhula mzima. Hilo ndilo linalonifanya nizungumze kwa uchungu.

Nairobi hali hiyo huja kwa sura nyingine. Kuna mwanafunzi anayeishi Rongai, nje kidogo ya Nairobi, na kusoma katikati ya jiji, ambaye nguvu zake za asubuhi na jioni huishia ndani ya matatu kwenye foleni, na ambaye angekuwa na saa hizo zote za kusoma kama angepanga chumba karibu na chuo, kule Njoro kilipo Egerton au Maseno. Shahada ya kawaida ni miaka minne, uhandisi mitano, udaktari sita. Maisha ya kila siku kwa miaka hiyo yote hayawezi kuwa jambo la pembeni katika uamuzi.

Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya aliyekwenda Marekani mwaka 1960 katika ule mpango wa kuwasafirisha wanafunzi kwa ndege, hakupelekwa Harvard. Alisoma biolojia katika Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wanawake kilichoendeshwa na watawa Wabenediktini katika mji wa Atchison, Kansas, akahitimu mwaka 1964. Sidai kwamba alikichagua, maana nafasi zilipatikana kwa ufadhili. Lakini kutoka hapo aliendelea hadi Pittsburgh kwa shahada ya uzamili, akapata uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, akaanzisha harakati ya kupanda miti ya Green Belt mwaka 1977, na mwaka 2004 akatunukiwa Nobel ya Amani. Chuo kidogo hakikumfungia mlango wowote kati ya hiyo.

Binti ya kaka yangu anataka sayansi ya kompyuta. Vyuo viwili viko mbele yake: kimoja kikubwa cha mjini ambacho baba yake anakitamani, na kingine nje ya Nairobi ambako alikwenda na shule yake na kurudi akiwasimulia watu kuhusu maabara na wanafunzi waliompokea. Aliniuliza: "Shangazi, nikikiandika hiki cha pili kuwa cha kwanza, baba ataniona mpumbavu?" Nilimjibu kwamba baba yake anaogopa kwa ajili yake, na kwamba hofu hiyo inastahili majibu ya kweli. Nikamwomba ayatafute: darasa la mwaka wa kwanza lina wanafunzi wangapi, maabara hufunguliwa saa ngapi, nani hufundisha programu za mwanzo, wahitimu wa karibuni wamepata mafunzo ya kazi wapi, na chumba kitagharimu kiasi gani kwa muhula. Kwa kaka nilisema kwamba akipata majibu mazuri zaidi kutoka chuo cha mjini, mimi nitakuwa wa kwanza kumshawishi binti yake akiandike mwanzo.

Tumekubaliana kwamba wataviona vyuo vyote viwili kabla ya dirisha la kurekebisha orodha kufungwa. Kaka alitaka waende Jumamosi, siku asiyokuwa kazini. Nimemsihi aombe ruhusa ya siku mbili, waende katikati ya wiki, madarasa yakiwa yamejaa na wahadhiri wakiwa kazini.