Sombe ya Nazi

Mimi ni mshonaji, na nywele zangu nazifunga juu tangu siku cherehani ilipozishika. Kipande kimoja kiliingia kwenye gurudumu, kikavuta, mteja akaingia akanikuta nimelaza shavu juu ya meza. Nikamwambia nasikiliza kama mashine ina kelele. Akaondoka ananiheshimu sana.

Basi, kila asubuhi ni fundo moja juu ya utosi, lile ambalo sisi huku Lubumbashi tunaliita shinyo. Nywele zenyewe si haba: ukizivuta zinapita mabega, ukiziachia zinakimbia kurudi juu kama watoto walioitwa kula. Tatizo lilikuwa ncha. Mizizi inang'aa, katikati pazuri, lakini zile ncha ambazo mchana kutwa zinachungulia nje ya shinyo zilikuwa zimekauka, zimefumuka, zimegeuka rangi ya kutu. Ukizisugua kati ya vidole unasikia mlio, ule wa maganda ya mahindi. Mdogo wangu akazipa jina: ufagio. "Yaya," yaani dada mkubwa, "leo ufagio umeamkaje?"

Mdogo wangu huyo ndiye aliyekuwa anatolewa mahari, Jumamosi, mwezi wa 7.

Hapa niwaambie wale ambao hawajafika kwetu. Mtu akisikia kiangazi anafikiri jua na jasho. Mji wetu uko juu kwenye mita 1200 hivi, na mwezi wa 7 ni baridi ya kutoa moshi mdomoni. Mvua tuliiaga mwezi wa 5 na hatuitegemei mpaka wa 9 au wa 10. Upepo ni mkavu, vumbi jekundu linaingia hata ndani ya kabati lililofungwa, midomo inapasuka, visigino vinapasuka. Ufagio ndio usiseme.

Nikatafuta dawa kwenye simu. Nikampata binti mmoja wa pwani, ana shinyo kubwa laini kama andazi, anasema siri yake ni moja tu, mafuta ya nazi, unayapaka kwenye ncha, unafunga, unasahau. Nyuma yake feni inazunguka. Nimeitazama ile video labda mara kumi na feni niliiona mara zote kumi. Feni! Mtu mwenye akili angejiuliza huyu yuko kwenye hali ya hewa gani. Mimi nilikuwa natazama shinyo.

Mafuta nikayapata kwa mama mmoja anayeleta bidhaa kutoka Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia ambapo malori ya Dar es Salaam yanapanga foleni. Kopo kubwa, limeandikwa kwa Kiswahili safi, limetoka Dar. Akanionya jambo moja tu: bei haipungui.

Jumamosi nikaamka saa kumi na moja alfajiri. Kufungua kopo, mafuta meupe, magumu kama mshumaa. Nikasema ahaa, kumbe ni krimu. Yule binti alikuwa amesema kwanza ulowanishe nywele kwa maji, hilo nakiri nililisikia. Lakini mwambie mtu wa Lubumbashi amwagie kichwa maji alfajiri ya mwezi wa 7, uone kama mtabaki marafiki. Nikaruka hatua hiyo. Nikachukua kijiko cha chakula.

Vijiko viwili vingetosha kwa ukoo mzima. Nilipaka vitano. Kila ncha niliifunika kama fundi anayeziba ufa, nikazungusha nywele, nikazisukuma ndani, nikapaka tena juu, nikalainisha kwa kiganja. Ufagio ukatoweka. Nilikuwa na shinyo kubwa, la mviringo, linang'aa kama sahani ya wageni. Baada ya dakika chache za baridi ya chumba changu likaganda vizuri. Nililigonga kwa ukucha. Likajibu: ko, ko.

Nikavaa blauzi na kikwembe nilivyovishona mwenyewe kwa wiki mbili, kitambaa cha samawati chenye maua ya dhahabu, mgongoni vifungo kumi na viwili vidogo. Nikaenda barabarani kupanda manseba, yaani pikipiki ya kukodi. Upepo wa njiani ulinimalizia kazi, nilivyofika mtaa wa Katuba kichwa kilikuwa kimekuwa jiwe kabisa. Dereva aliniangalia kwenye kioo mara tatu, halafu akajikaza.

"Mama, ile ni kofia?"

"Ni nywele."

Hakusema tena neno mpaka nilipomlipa.

Uani kwa Mama mukubwa, dada yake mama yetu, nilipokelewa kama bibi harusi. Wanawake walikuja kutazama. Mmoja akagusa. Mdogo wangu akauliza ufagio uko wapi, nikamjibu umepewa likizo. Nilikuwa nimeshapigwa picha nne, ya tano nimegeuza shingo kidogo ili shinyo lionekane lote, niliposikia sauti ambayo ukoo wetu wote unaitii kabla ya kuielewa.

"Weye! Juu ya nini unasimama pale sawa sanamu? Njo huku, sombe inaungua!"

Sasa, jikoni siku ya mahari si chumba. Ni chini ya mwembe nyuma ya nyumba, mbabula tatu, yaani majiko ya makaa, zimepangwa mstari, makala yamewaka mekundu, juu ya moja sufuria ya mbuzi, juu ya nyingine maji ya bukari, ugali wetu, na ya kwangu ilikuwa sombe, majani ya muhogo, sufuria pana ambayo mtoto angeweza kuogea. Sombe haitaki uvivu. Unainama, unakoroga mpaka chini, unasogeza uso, unanusa, unaonja chumvi, unainama tena. Kichwa chako na moto vinakuwa majirani.

Na mafuta ya nazi yana tabia yake. Chini ya digrii 24 hivi yanaganda. Yakipita hapo kidogo yanakuwa maji. Hayatoi onyo.

Tone la kwanza lilishuka nyuma ya sikio la kulia. Polepole, la uvuguvugu, likateremka shingoni, likaingia ndani ya kola. Nikafikiri ni jasho. Nikafurahi hata, kwamba walau sasa nimepata joto. La pili likaja kwenye paji la uso, likapita kando ya pua, likasimama kwenye mdomo wa juu. Nikalilamba bila kufikiri. Jasho halina ladha ya kashata.

La tatu lilianguka kwenye makala. Chwaa! Ulimi wa moto ukaruka mpaka kwenye mshikio wa sufuria.

"Nani anamwanga mafuta?" akauliza mama wa bukari.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa nashughulika. Nilikuwa nimeinua kichwa haraka ili yasidondoke mbele, kwa hiyo yote yaliyokuwa yakijiandaa yakaamua kwenda nyuma, yakateremka kwenye uti wa mgongo, kifungo kwa kifungo, vyote kumi na viwili. Nikarudisha kichwa mbele kuokoa blauzi. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Shinyo lilikuwa limekuwa bwawa na mimi ndiye niliyefungua mlango wake. Nilihesabu matone saba yakiingia kwenye sombe, mtindo mzuri, moja baada ya jingine, kisha nikaacha kuhesabu kwa kuwa hayakuwa matone tena.

Na juu, nikasikia kitu kinalegea. Ncha moja ikachomoka. Ya pili. Kisha kundi. Ufagio ulikuwa umekatisha likizo.

Nikatazama kulia, mama wa bukari anapambana na mwiko. Nikatazama kushoto, mbuzi hawezi kusema. Nikafanya kitu kimoja tu ambacho mpishi anaweza kufanya: nikakoroga. (Najua mnavyofikiri. Nywele nilikuwa nimeziosha Alhamisi, na kopo liliandikwa ni la kula na la kupaka. Nililisoma tena jioni ile kwa makini kuliko kitabu chochote maishani mwangu.)

Mama mukubwa alikuja na kijiko chake. Akaonja. Nyusi zikapanda. Akaonja tena.

"Umetia nini humu?"

"Mafuta, mama."

Si uongo. Akatikisa kichwa akaenda, na mimi nikachukua kitambaa cha kufunikia bukari nikakifunga kichwani mpaka kwenye nyusi.

Wakwe walikuwa wamekaa sebuleni, upande wao na upande wetu, katikati wasemaji. Mambo yalikuwa yamekwama kwenye mbuzi. Wetu walitaja idadi, wao wakashusha, wetu wakanyamaza ule unyamavu wa kukasirika kwa heshima. Ikaonekana ni vizuri watu wale kwanza. Mimi nilikaa jikoni na mgongo wangu ukutani. Mdogo wangu alikuwa ameshauona: doa refu jembamba kutoka shingoni mpaka kiunoni, lina umbo la Ziwa Tanganyika kabisa, hata ile kona ya Kalemie ilikuwepo.

Halafu nikasikia sebuleni kumekuwa kimya.

Upande wa wakwe kulikuwa na mzee mmoja, baba mdogo wa bwana harusi, ambaye alikuwa ameendesha malori ya Dar ujana wake wote. Alikuwa ameshika tonge hewani.

"Hii," akasema, "hii ni kisamvu."

Watu wakatazamana. Sisi sombe yetu ni mawese na karanga, kila mtu anajua, na mtu asiyejua anafundishwa.

"Huko Dar," mzee akaendelea, na sauti imekuwa ya mtu anayemkumbuka marehemu, "sombe wanaita kisamvu. Wanapika na tui la nazi. Nimekula hii mara ya mwisho nikiwa na meno yote. Nani amepika?"

Nikaitwa. Naapa nilifikiria ukuta wa nyuma, si mrefu. Lakini Mama mukubwa alikuwa ameshanishika mkono. Niliingia kinyumenyume nusu, kama mbayuwayu aliyejeruhiwa, ili Ziwa Tanganyika lisionekane, nikapiga magoti mbele ya mzee. Uso wangu ulikuwa unang'aa kiasi kwamba naamini alijiona humo.

"Mwanangu. Nazi hii umetoa wapi?"

"Baba, ilitoka Dar."

"Nilijua!" Akapiga paja. "Nilijua! Na umeitia vipi? Mwishoni, sivyo? Wengine wanaitia mwanzoni, inaharibika."

"Mwishoni, baba. Polepole."

Mdogo wangu, aliyekuwa amefunikwa kitambaa kama bibi harusi anavyotakiwa, akaanza kutetemeka mabega. Wakwe wakafikiri analia kwa kuagana na nyumbani, wanawake wawili wakamfariji. Mzee akageukia upande wake, akasema familia inayopika hivi hawawezi kubishana nayo juu ya mbuzi mmoja. Mbuzi akaongezwa. Vigelegele vikapigwa. Mimi nikatoka kama nilivyoingia, mgongo ukutani.

Jumapili niliosha kichwa mara nne kwa maji ya moto. Jumatatu, shinyo nimefunga lakini nywele zimeshikana kama mtu aliyelala kwenye chapati, nikaenda kwa mama wa saluni aliye mkabala na kibanda changu. Nilimsimulia kila kitu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akashika zile ncha, akazisugua karibu na sikio, na kweli, baada ya vijiko vitano vya mafuta, zililia vilevile. Maganda ya mahindi.

"Yaya, mafuta haina maji," akaniambia. "Mafuta ni kifuniko. Weye ulifunika chungu tupu."

Akachukua chupa ya kupulizia, maji ya uvuguvugu tu, akalowanisha ncha mpaka zikalegea. Akatia krimu kidogo. Kisha mafuta, na hapo akanionyesha kiasi: tone la kujaa ukucha wa kidole kidogo, likasuguliwa kwanza viganjani. Zilizokuwa zimepasuka akazikata, karibu upana wa vidole viwili, nikafumba macho. Nywele zinaongezeka kama sentimita moja kwa mwezi, akasema, kwa hiyo ncha za nywele ndefu kama zangu zina miaka mitatu na zaidi. Miaka mitatu ya vumbi, kola, mto wa pamba na mpira wa kufungia. Mafuta ya kichwa yanayotoka kwenye ngozi hayafiki huko, nywele zetu zina kona nyingi njiani. Akanifunga shinyo upya, ncha akazizungusha ndani, katikati ya fundo, hakuna iliyobaki nje kugombana na upepo. Usiku nifunge kichwani fulari, kitambaa cha satini. Na dunia ikipoa hivi, mafuta ya nazi niyaache kabatini, nitumie yasiyoganda.

Ni wiki ya sita sasa. Kelele imepungua. Mdogo wangu anasema ufagio umekuwa brashi.

Tatizo ni harusi. Wakwe wametuma ujumbe kwamba hawana sharti lolote, ukumbi wowote, siku yoyote, ila baba mdogo anaomba ile sombe, na wageni wake ni mia moja na hamsini. Jana Mama mukubwa alikuja kibandani, akaweka pesa juu ya cherehani.

"Nenda Kasumbalesa ukatafute nazi. Ile ile."

Nikamwambia mama, kuna nazi ya kukuna, tutatoa tui kama watu wa Dar, itakuwa tamu zaidi.

"Hapana," akasema. "Mzee alisema ile ile."

Akasimama mlangoni. Akaangalia kabati langu, mahali kopo lilipo, nusu yake bado imejaa. Akaniangalia usoni. Halafu, taratibu, macho yakapanda mpaka juu ya shinyo, yakakaa hapo.