Jeonju wanaitikia, Tanga tumenyamaza

Mwaka wangu wa kwanza hapa Jeonju, Korea Kusini, mwenyeji wangu alinipeleka kusikiliza pansori, uimbaji wao wa jadi wa kusimulia hadithi. Mwimbaji mmoja na upepeo mkononi, mpiga ngoma mmoja, basi. Nikakaa kimya kwa heshima. Bibi mmoja kando yangu akanigusa goti, akapaza sauti: "Eolssigu!" kisha akanitazama, akingoja na mimi niseme. Nikaelewa. Ilikuwa "Pakawa!" ya bibi yangu kule Tanga.

Mwitikio huo wanauita chuimsae, na bila huo wanaona uimbaji umepooza. Sauti yenyewe si nyororo. Imekwaruza, sauti ya mtu aliyejizoeza miaka mpaka koo likachubuka, na mkwaruzo huo ndio uzuri wanaoutafuta. Hawakuulainisha ili kumfurahisha mgeni.

Tena uimbaji huo una makali. Mwaka 1970, chini ya utawala wa Park Chung-hee, mshairi Kim Chi-ha alitunga shairi refu kwa mwendo wa pansori, akawaita "majambazi watano": matajiri, wabunge, vigogo wa serikali, majenerali na mawaziri. Akatiwa ndani. Katika miaka hiyo hiyo wanafunzi wakachukua ngoma za vinyago za vijijini, ambazo tangu zamani zilikuwa zikiwasuta mabwana, wakazichezea vyuoni. Wakauita mchezo huo madanggeuk. Madang ni ua wa nyumba: watu wamezunguka, hakuna jukwaa la kumtenga mchezaji na jirani yake.

Ua sisi tunao. Kwenye tarabu, mtu akiguswa na ubeti bado huinuka akamtunza mwimbaji, na ukumbi mzima unajua fumbo limemlenga nani. Lakini ngoma zetu! Kila nikirudi naziona uwanja wa ndege: mgeni wa heshima anapita, dakika tano, wachezaji wanaambiwa inatosha. Ukumbini tunakaa safu safu tukingoja kupiga makofi mwishoni. Nani alituambia kunyamaza ndiyo adabu ya kutazama?

Korea wametia fedha, nakubali. Pansori iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa taifa mwaka 1964, na mabingwa hupewa posho wafundishe. Ila kuitikia hakuhitaji bajeti.

Likizo iliyopita niliwakalisha wapwa zangu barazani, nikasema "Paukwa!" Wakanitazama. Nikarudia. Aliyeitikia ni mama, kutoka jikoni.