Mchongoko usimame Soga kufanya nini?

Mchongoko ni ile treni ya umeme ya SGR, reli yetu ya kisasa, yenye pua iliyochongoka, na Soga ni kijiji huko Pwani. Hilo swali nimelisikia juzi kwenye daladala ya Gongo la Mboto, jamaa katoka Dodoma na SGR ya kawaida analalamika treni inasimama simama vijijini kama hii daladala yetu.

Tumpe haki yake kwanza. Treni ya umeme yenye uwezo wa kwenda kilometa 160 kwa saa ikisimama haipotezi zile dakika za kushusha watu tu, kuna kupunguza mwendo kabla na kuuchukua tena baadae. Na stesheni hata wakishuka watu sita bado inataka mkata tiketi, mlinzi, taa na choo kisafi. Ndo maana ekspresi ipo, mwenye haraka apande hiyo, sina neno.

Ila huyo wa Soga mnamsahau. Dar mpaka Soga ni kilometa 51, nauli iliyotangazwa 2024 ni sh. 4,000, unashuka umekunja shati vizuri. Bila stesheni anabaki na barabara ya Morogoro, ile foleni ya Mbezi mpaka Kibaha mnaijua, halafu bodaboda ya vumbi ndo imfikishe kwake, na pesa yote imeishia njiani.

Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati hapa Dar 1905, Kigoma wakafika 1914, na stesheni zikawa ndo soko la kijiji, treni ikisimama mahindi ya kuchemsha na ndizi vinapandia dirishani, mama anapata ada ya mtoto palepale kwenye mataruma. SGR madirisha hayafunguki na reli ina uzio. Sawa, usalama, lakini hilo soko limekufa na sijaona anayelihesabu kwenye gharama.

Sasa kinachoniuma zaidi. Kwa orodha ya nauli Ruvu ipo kilometa 73, Ngerengere 134.5. Katikati hakuna kitu! Kilometa 61 na nusu, yani ndefu kuliko Dar mpaka Soga, hakuna pa kushuka. Reli ya zamani humo humo kuna Magindu, kuna Kidugallo. Mtu wa huko akitaka mchongoko inabidi kwanza asafiri kuifuata stesheni, na akishafika barabarani na begi lake si bora apande basi tu? Halafu tutasema vijijini hakuna abiria. Wengine wanasema wabaki na treni ya zamani, haya, lakini ile siyo ya kila siku na mgonjwa hangoji ratiba.

Siombi treni zote zisimame kila penye mwembe. Moja ya asubuhi, moja ya jioni, zile za kawaida, basi.

Yule jamaa wa Dodoma bwana, kabla hata ya kituo akagonga bodi, "konda, shusha hapo kwenye duka la Mangi". Ikasimama.